Shajara ya mradi: kurudisha siri za fedha ndani ya kikoba

Januari 2025. Kazi tuliyokabidhiwa

Kikao cha kufungua mzunguko mpya wa kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, kimeteua watu watatu: mweka hazina, mama muuza mbogamboga wa soko la Tandika ambaye yumo tangu kikoba kinaanza, na mimi katibu msaidizi. Kazi yetu ni kuhakikisha habari za fedha za mwanachama hazitoki nje ya kikoba, na tuwe tumeimaliza kabla ya kuvunja na kugawana mwishoni mwa mwaka. Naiandika hatua kwa hatua ili vikoba vingine vichukue kinachovifaa.

Sababu ya azimio hilo tunaijua sote. Mwenzetu mmoja alikopa kwenye programu ya simu, hii mikopo ambayo mtaani tunaiita kausha damu. Alipochelewesha marejesho, wakopeshaji wakawatumia watu waliomo kwenye simu yake ujumbe wenye picha yake, wakimwita tapeli. Ujumbe ukatufikia sisi, ukawafikia wateja wake wa vitenge, ukamfikia hata mwalimu wa mwanawe. Deni lenyewe lilikuwa la fedha ambayo kikoba kingeweza kumpa katika kikao kimoja, ila aliona haya kuomba tena wakati mkopo wake wa awali haujaisha.

Tulipokuwa tukiwalaani wakopeshaji wale, mama wa mbogamboga akauliza: “Na sisi tunaobandika majina ya wadaiwa kwenye grupu kila Jumamosi, tuna tofauti gani nao?” Tulibishana hadi jioni. Mradi umetokana na swali hilo.

Februari. Habari zetu zinakaa wapi

Kabla ya kuziba tulitaka kujua panapovuja. Tulianza na vile tunavyoviona kila kikao: daftari kuu, vitabu vya hisa vya wanachama, sanduku. Hivyo havikutupa shida. Shida ilianza tulipofika kwenye simu.

Kwenye grupu la WhatsApp kulikuwa na orodha za wadaiwa za miaka ya nyuma, kila moja na jina kamili, kiasi na namba ya simu. Kulikuwa na picha za jumbe za miamala ambazo watu hutuma kuthibitisha kwamba wamelipa, na ujumbe wa muamala mara nyingi huonyesha pia salio lililobaki. Yaani mtu anathibitisha kwamba ameweka elfu kumi, na papo hapo anatangaza kwamba simu yake ina laki nne. Kisha kulikuwa na picha za vitambulisho vya taifa vya NIDA, mbele na nyuma, zilizokusanywa tulipokuwa tunaandaa maombi ya mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu.

Hizo picha za vitambulisho ndizo zilizonitisha kuliko vyote. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Tulipouliza kikaoni, bila kumtaka mtu ataje yake, ni nani anatumia mwaka wa kuzaliwa kama namba ya siri ya kutolea fedha, mikono iliyopanda ilikuwa mingi mno. Kwa hiyo aliyekuwa na picha ya kitambulisho kutoka kwenye grupu alikuwa na jina kamili, namba ya simu na, kwa wengi wetu, namba ya siri pia. Kilichobaki ni kuishika tu simu yenyewe.

Kila Mtanzania ameshapokea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Wengi tunaucheka kwa sababu umetumwa kwa mtu asiyedaiwa hela yoyote. Lakini mwanachama mmoja alitueleza kwamba aliupata Jumamosi asubuhi, siku ya marejesho, ukimwambia laini ya mweka hazina imegoma na atume kwenye namba nyingine. Ujumbe ulitaja kiasi sahihi. Hakutuma, kwa kuwa alimpigia mweka hazina kwanza. Aliyeuandika lazima aliona orodha yetu mahali fulani. Ujumbe wa namna hiyo huripotiwa kwa kutuma namba ya tapeli kwenda 15040, na tulifanya hivyo.

Machi. Mjadala wa uwazi

Huu ulikuwa mwezi mgumu, na nadhani ndio uliokuwa na thamani kubwa kuliko yote.

Wanachama wa zamani walipinga. Hoja yao ni nzito na sikutaka ipitwe haraka: kikoba kinasimama kwa uwazi. Vikundi vingi vimekufa kwa sababu kiongozi alificha hesabu. Tukianza kuficha nani anadaiwa, tutajuaje fedha iko wapi? Mzee wetu mmoja alisema wazi kwamba siri ni mlango wa wizi.

Mama wa mbogamboga ndiye aliyejibu, na alijibu kwa kutumia sanduku. Akakumbusha kikao kinavyokwenda. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Wanachama wanakaa kwa namba zao, wahesabu fedha wanahesabu kwa sauti, kila mtu anasikia nani ameweka hisa ngapi, nani amerejesha na nani hakurejesha. Hakuna kinachofichwa. Lakini kikao kikifungwa, sanduku linafungwa, na maneno ya kikao yanabaki ya kikao. Aliyesikia ni yule mwenye haki ya kusikia, kwa kuwa fedha yake imo humo.

Grupu la simu halifungwi. Ujumbe uliotumwa Jumamosi unasomwa Jumatano na mtoto aliyeazima simu acheze gemu, na mume, na shemeji, na mwanachama aliyejitoa mwaka juzi ambaye hatukumwondoa. Ukipelekwa mbele mara moja, hakuna tena anayejua umefika wapi. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo lenyewe: uwazi wa kikoba ulikuwa na kuta, nasi tulipohamia kwenye simu tuliuhamisha uwazi tukaziacha kuta.

Mzee yule alikubali, kwa sharti moja: kila kitu kiendelee kusomwa kwa sauti kikaoni, bila kupunguza hata mstari. Sharti hilo ni la haki na tumeliandika.

Lilizuka pia suala la waume. Baadhi ya kina mama hawataki akiba yao ijulikane nyumbani, na walilisema hili kwa tahadhari, baada ya kikao, mmoja mmoja. Tumeamua kutomuuliza mtu sababu. Hisa ni za mwanachama. Anayetaka kitabu chake kibaki sandukuni baina ya kikao na kikao atabakiziwa, na asiyetaka ujumbe wowote utumwe kwenye simu yake hatatumiwa.

Kuhusu sheria: Katiba ya nchi, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakwenda mbali zaidi. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisizidi zinazohitajika, zisikae kuliko lengo hilo linavyohitaji, na zilindwe. Kilichotushangaza ni kwamba sheria hiyo inaitaja miamala ya fedha ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, kama zilivyo habari za afya yake. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa Aprili 2024 na ndiko malalamiko yanakopelekwa. Vikoba navyo vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne. Nilipolisoma kikaoni neno “nyeti”, ubishi uliosalia uliisha.

Aprili. Kusafisha

Tumerudi kwenye namba za uanachama. Kila mmoja wetu ana namba ambayo ndiyo kiti chake kikaoni, iko juu ya kitabu chake tangu siku ya kwanza. Sasa kwenye grupu panatumwa mambo matatu tu: tarehe na mahali pa kikao, jumla ya fedha iliyokusanywa, na jumla ya mikopo iliyo nje. Panapokuwa na lazima ya kumtaja mtu, inatajwa namba. Mwanachama anajua namba 14 ni nani kwa sababu wanakaa pamoja. Mtoto mwenye simu hajui.

Kuzifuta zile picha za zamani kumechukua muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Msimamizi wa grupu anaweza kufuta ujumbe wa wengine, lakini kwa muda mfupi tu baada ya kutumwa, na hata akifuta, picha iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye simu ya mtu inabaki pale pale. WhatsApp huzihifadhi zenyewe kwenye simu nyingi, kisha Google Photos inaweza kuzipandisha kwenye akaunti ya mtu bila yeye kujua. Kwa hiyo tulikaa na simu moja moja baada ya kikao: tukafuta kwenye grupu, tukafuta kwenye picha za simu, tukafuta kwenye akaunti, tukamwaga na kapu la takataka, kwa kuwa kilichofutwa hukaa humo siku kadhaa kikisubiri kurudishwa. Kisha tukazima uhifadhi wa picha wa moja kwa moja. Waliojitoa wameondolewa kwenye grupu, nasi tuliwapigia kwanza tukawaeleza sababu, wasije wakadhani wamefukuzwa.

Vivuli vya vitambulisho bado vinahitajika kwa maombi ya halmashauri. Tunavyotunza sasa ni vya karatasi, vimefungiwa sandukuni, na kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu, mstari ukipita juu ya picha: “kwa maombi ya mkopo wa halmashauri tu”, pamoja na tarehe. Kivuli chenye maandishi hayo hakimfai mtu anayetaka kukitumia kusajili laini au kuombea mkopo kwa jina lako.

Steshenari nayo ni sehemu inayosahaulika. Watu hutuma kitambulisho kwenye WhatsApp ya duka ili kichapwe, au hufungua akaunti yao kwenye kompyuta ya duka na kuondoka bila kuifunga. Tumefundishana kuangalia kwenye simu orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kuondoa tusivyovijua. Dada mmoja alikuta akaunti yake ingali wazi kwenye kompyuta asiyoikumbuka hata ni ya wapi. Ukichapisha, simama hapo hapo hadi faili lifutwe mbele yako. Wenye maduka hawakukasirika tulipowaomba, na mmoja ametundika tangazo kwamba anafuta mafaili ya wateja kila jioni.

Mei. Simu ya kila mmoja

Kila mwanachama amepiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Waliokuta laini wasizozijua wameelekezwa kwenye ofisi za mitandao husika kuzifuta, kwa sababu uhalifu ukifanywa kwa laini hiyo mlango utakaogongwa ni wako.

Kwenye programu za mikopo tumekuwa wakali. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Kabla ya hapo, tangu tarehe 31 Mei 2023, Google ilizikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu na picha za mtumiaji. Kutoka hapo tumepata kipimo rahisi cha kuwaeleza wanachama: programu ya mkopo ikiomba kusoma majina ya watu wako, au ukitumiwa kiungo cha kuipakua nje ya duka rasmi, mkopeshaji huyo anataka dhamana, na dhamana yenyewe ni heshima yako mbele ya watu wako. Majina yale pia si yako peke yako. Mimi sikukopa, lakini namba yangu ilichukuliwa kwenye simu ya mwenzangu.

Aliyeumizwa na mkopo ule amekubali tumtaje hivyo hivyo, bila jina, na yeye ndiye aliyewafundisha wengine kufungua mipangilio ya simu na kunyang'anya ruhusa. Amerudi kikaoni. Tumemlipia deni lililosalia kwa mkopo wa kikoba, na wadhamini wake ni sisi watatu.

Namba za siri zimebadilishwa, na mwaka wa kuzaliwa umepigwa marufuku. Hapa tulikutana na jambo ambalo mafunzo mengi ya usalama wa mtandao hayaligusi: wazee wasioona vizuri. Bibi mmoja alikuwa akimtajia mjukuu namba yake ya siri, na mjukuu asipokuwepo, humtajia wakala wa fedha za simu. Kumwambia “usimpe mtu” bila kumpa njia nyingine ni kumwacha bila fedha yake. Mweka hazina ndiye aliyegundua njia. Simu ya kitochi ina kitufe cha 5 chenye nundu ndogo, na mtu akikizoea kidole kinajua vingine viko wapi. Bibi amefanya mazoezi kikaoni kwa namba ya mfano hadi akaweza kuibonyeza bila kutazama. Watoto wake walikuwa wanapanga kumnunulia simu ya kugusa. Tumewaomba wamwachie kitochi kwa ajili ya fedha, kwa kuwa kioo kile kisicho na nundu kingemrudisha kwenye kuomba msaada.

Juni. Kwa wakala

Wakala anaandika miamala kwenye daftari: jina, namba, kiasi, sahihi. Daftari linakaa wazi juu ya meza, na unaposaini unasoma waliokutangulia. Tulizungumza na wakala aliye jirani na mahali petu pa kikao, kijana msikivu. Amekata kipande cha boksi chenye tundu la mstari mmoja, anakiweka juu ya ukurasa, na mteja anaona mstari wake tu. Haikumgharimu chochote. Wateja wake wengine wameanza kumsifia, na mawakala wawili wa mtaa huo wamemwiga.

Kwa wanachama tumesisitiza mambo madogo: kiasi kiandikwe kwenye karatasi badala ya kutajwa kwa sauti mbele ya foleni, na ujumbe wa muamala usomwe umesogea pembeni.

Kuna jingine ambalo wafanyabiashara walilipokea kwa mshangao. Mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kuanza kukutumia fedha, akaona jina lako la usajili, kisha akaghairi. Ukiiandika namba yako kwenye bango la biashara, umeandika na jina lako kamili. Wenye vibanda wamechukua lipa namba, yaani namba za kupokelea malipo ya biashara, zenye jina la biashara. Mteja analipa, anaona jina la kibanda, na namba binafsi inabaki kwa watu wao.

Julai. Tulipo, na rasimu ya ibara

Hofu kubwa ya wapinzani wa mradi ilikuwa kwamba bila kubandikwa majina, wadaiwa watalegea. Mweka hazina anasema marejesho hayajapungua. Utaratibu sasa ni kwamba anayechelewa anapigiwa na mweka hazina, kisha wadhamini wake wanamwendea, kisha linasomwa kikaoni. Mimi naamini mdaiwa anayeheshimiwa haogopi kupokea simu, na anayepokea simu ndiye anayelipa. Yule wa vitenge alikuwa amezima simu yake kabisa.

Mambo mawili hayajakamilika. Laini inayopokea fedha za kikoba imesajiliwa kwa jina la mweka hazina wa sasa, na kipindi chake kikiisha simu hiyo itabeba historia ya miamala yetu yote. Tunatafuta namna ya kikundi kuwa na laini yake. Pia hatujakubaliana madaftari ya mizunguko iliyofungwa yatunzwe kwa muda gani.

Ibara hii itapelekwa kwenye kikao kijacho iingizwe kwenye katiba ya kikoba:

“Habari za hisa, mkopo, marejesho na mgao ni za mwanachama na za kikao. Zitasomwa kwa sauti kikaoni na kuandikwa kwenye daftari kuu na kitabu cha mwanachama. Hazitatumwa wala kuonyeshwa kwa asiye mwanachama, akiwemo mwenza, mzazi au mtoto, bila idhini ya mwenyewe. Kivuli cha kitambulisho kitachukuliwa kwa shughuli iliyotajwa tu, kitaandikwa shughuli hiyo, na kitarudishwa kwa mwenyewe shughuli ikiisha. Anayejitoa atapewa vivuli vyake na kuondolewa kwenye grupu siku hiyo hiyo.”

Mama wa mbogamboga anaona neno “mwenza” litaleta maneno mtaani, lakini ameshikilia libaki. Mweka hazina anataka iongezwe faini, na faini ya kiongozi atakayevunja ibara hii iwe kubwa kuliko ya mwanachama wa kawaida. Namuunga mkono, na kikaoni nitaitetea hoja yake.